Upele wa Mbaine

Wengine wakisikia wageni wanakuja hufagia ua. Muthamia husafisha mti. Usimcheke kabla hujamjua. Mtu aliyetumia miaka arobaini na mitatu kuparamia miraa ya watu wengine, kando kidogo ya soko la Kangeta, hana ua mkubwa wa kujivunia. Fahari yake ni mti mmoja, na sidhani kuna sebule Igembe nzima iliyowahi kupanguswa kama alivyoupangusa mti ule Ijumaa moja ya mwezi wa Novemba. Nusura usafi huo uharibu kazi ya miaka mitatu ya binti wa watu.

Mti wenyewe ni mbaine. Kwa asiyejua, mbaine ni mti wa miraa mkongwe, uliopandwa na watu ambao leo hakuna anayekumbuka sura zao. Miraa ya siku hizi hupunguzwa ikabaki fupi, mchumaji akaivuna huku mguu mmoja uko chini. Mbaine haifupishwi. Shina lake ni nene, limepindapinda na kujaa vifundo, na ndani mara nyingi ni tupu, lakini juu linachipua kila msimu kana kwamba halina habari ya umri wake. Kwenye mti kama huo ndiko huchumwa ncoolo, kile kitita cha heshima kinachopelekwa kwa wazazi wa msichana anapoposwa. Ukiukata bila sababu utajibu kwa wazee, na hawatakuuliza kwa upole.

Mbaine ninayoisema ni ya mama mmoja mjane aitwaye Karambu na mwanawe Antony, mwalimu wa shule ya msingi. Huko Igembe desturi haimruhusu mwanamke kupanda mti wa miraa, kwa hiyo Karambu ameumiliki mti ule tangu mumewe afariki bila kuukanyaga hata siku moja. Aliyeukanyaga ni Muthamia.

Ni mzee wa miaka sitini na mmoja, mfupi, mwenye vidole vya miguu vilivyotawanyika kama tangawizi. Shule aliiacha darasa la tano. Baba yake, Mbaka, naye alikuwa mchumaji, na ndiye aliyemfundisha mti ule kifundo kwa kifundo, kama mtoto anavyofundishwa sala. Kwa kazi hiyo Muthamia na mkewe Karimi walilea watoto wanne, na mmoja sasa ni muuguzi huko Embu. Ncoolo ya Antony mwenyewe, alipooa, ilichumwa na Muthamia. Ukikaa naye hata kwa kikombe kimoja cha chai utasikia shukrani. Mvua ikinyesha anamshukuru Mungu, na isiponyesha anamshukuru kwa jua. Siku moja tawi lilimkatikia chini ya mguu, akabaki ananing'inia kwa mkono mmoja, na aliposhuka neno lake la kwanza lilikuwa la kulishukuru tawi la pili. Karimi husema kuishi na mtu asiyelalamika ni mzigo, kwa sababu malalamiko yote ya nyumbani yamebaki kuwa kazi yake peke yake.

Lakini mwaka huo mzee wetu alikuwa na jambo alilolificha hata kwa Karimi. Tangu mvua za Aprili goti lake la kushoto lilikuwa limegoma. Alifika panda ya pili, yaani pale shina linapogawanyika mara ya pili, na hapo goti likakataa kukunjuka. Miraa ya kileleni akawa anaivuta kwa upembo, ile fimbo ndefu yenye ndoano, tena baada ya kuhakikisha Antony ameshaenda shuleni. Mapema mwaka huo Antony alikuwa amemwona akichechemea, akamwambia kwa heshima kwamba siku atakayoshindwa kufika juu aseme tu. Mbaine itatafutiwa mchumaji mwingine, na yeye atapewa kazi ya chini, kufunga vitita kwa majani ya migomba. Antony alisema kwa nia njema kabisa. Muthamia alisikia kama ameambiwa akakae na watoto, na tangu siku hiyo akaapa moyoni kwamba hakuna atakayejua.

Sasa tuje kwenye upele.

Kwenye shina la mbaine ile, upande ambao maji ya mvua huteremkia, huota vitu vigumu vya ukubwa wa kiganja. Juu vina manyoya laini ya rangi ya kahawia, kama blanketi kuukuu, na chini vina njano ya kutu na vitundu vidogo mno, huvioni mpaka uvisogeze karibu na pua. Mbaka aliviita upele, na mwanawe akaviita upele. Mchumaji anayejiheshimu haachi mti wa ncoolo ukae na upele, kama vile huwezi kumpeleka bwana harusi kanisani ana ukurutu shingoni. Kwa hiyo kila baada ya miaka michache Muthamia alivibandua kwa mgongo wa panga, akamwita jirani yake Mithika, mfuga nyuki, aje na gunia. Vitu vile vikikauka vinashika moto polepole bila kuwaka, na moshi wake huwatuliza nyuki vizuri kuliko moshi wa kitu kingine chochote. Mithika humlipa fadhila kwa asali. Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda miaka nenda miaka rudi, na kila mtu aliridhika, hata nyuki.

Mwezi wa Agosti alikuja msichana mmoja kutoka chuo kikuu kule Nchiru, jina lake Kajuju, mzaliwa wa Mitunguu kwenye migomba. Alikuwa anazunguka akiomba kuonyeshwa miti ya zamani. Alizungumza Kimeru cha Imenti, Muthamia akamjibu kwa Kimeru cha Igembe, wakachekana kidogo kwa matamshi. Alizunguka mbaine, hakutaka kubandua vya shinani bila ruhusa, akaokota chini kipande kimoja cha upele kilichokwisha kuanguka, kikavu na kilicholiwa na wadudu, akauliza ni nini. Muthamia aliona aibu, kama mtu aliyeulizwa kuhusu shati lake lililochanika. Akasema ni uchafu tu wa mti, hakuongeza neno. Kajuju akakifunga kipande kwenye karatasi, akashukuru, akaenda zake.

Novemba ikafika na mvua za vuli. Siku ya Alhamisi Kajuju alimpigia simu Karambu, kwa sababu nambari ya Karambu ndiyo aliyokuwa nayo, akamwambia kwamba Jumamosi atakuja na mwalimu wake kuangalia kile kitu kinachoota kwenye mbaine, na kwamba ni jambo kubwa. Hakusema kisiguswe. Nani angewaza kumwambia mtu asikwangue mti? Karambu akamfikishia Muthamia ujumbe jinsi alivyouelewa: watu wa chuo wanakuja kuangalia ule upele.

Muthamia hakupata usingizi mzuri. Msomi mzima atoke Nchiru kuja kutazama uchafu wa mti anaoutunza yeye! Ijumaa, ukungu haujainuka, alikuwa ameshafika na panga. Alianzia chini, akabandua kimoja kimoja, akakwangua na kuvu na magome makavu, akafagia mpaka mizizi. Alipofika panda ya pili goti likamkatalia, kama kawaida yake. Juu zaidi, katika panda ya tatu, kulikuwa na upele mmoja mkubwa kama sahani ya chai. Alijaribu upembo, haukufika. Alijaribu goti, akaona nyota mchana. Akashuka taratibu, akamwomba Mungu wageni wasiinue vichwa. Alasiri Mithika akaja na gunia lake, akaondoka akiimba.

Jumamosi saa nne wageni walifika. Kajuju alitangulia, na nyuma yake mwalimu wake, Daktari Njue, mtu wa Embu, mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni. Karambu alikuwa ameandaa chai na nduma, na Antony alikuwepo kwa kuwa si siku ya shule. Muthamia alisimama kando ya mbaine yake amevaa koti la kanisani. Mti ulikuwa unang'aa.

Kajuju aliuendea mti kwa haraka, halafu akapunguza mwendo. Alizunguka shina mara moja. Aliweka vidole kwenye kovu moja jeupe, kisha kwenye jingine.

"Mzee," alisema, "hapa kulikuwa na kitu."

"Kulikuwa," Muthamia alimjibu kwa furaha. "Nimetoa yote. Mti sasa uko safi, hata wewe ona."

Kajuju akakaa chini. Hakulia, alikaa tu kwenye udongo mbichi na sketi yake nzuri, akitazama shina. Muthamia alikuwa bado anatabasamu akingojea asante, na tabasamu lile lilikawia kumtoka usoni, mpaka alipomwona Daktari Njue naye ametoa miwani na kuanza kuifuta ilhali haikuwa na kitu.

Ni Daktari aliyeeleza, kwa Kiswahili, kwa maana Kiembu chake na Kimeru cha mzee havikuelewana vyema. Alieleza bila hasira, na hilo Muthamia hajalisahau mpaka leo. Alisema ule si upele wala ugonjwa. Ni uyoga, aina ya uyoga unaoishi ndani ya mti, na jamaa zake wanajulikana katika misitu ya nchi nyingine, lakini huu wa mbaine hauna jina katika kitabu chochote alichowahi kukifungua. Kajuju aliuweka chini ya hadubini akaona nyama yake ina tabaka mbili, ya juu laini na ya chini ngumu, na katikati mstari mweusi mwembamba kama uzi. Jamaa zake wengi wana mstari huo, ila vitundu vya huu ni vidogo kuliko vya wote, na hakuna aliyewahi kuandikwa kuwa anaishi kwenye mti wa miraa. Lakini kile kipande cha Agosti kilikuwa kizee, kimeliwa na wadudu, hakikuwa na mbegu zake hata moja, zile ndogo kama vumbi ambazo uyoga huzaliana kwazo. Bila mbegu huwezi kusema huyu ni tofauti na yule.

Tena, akasema Daktari, kiumbe kikipewa jina ni lazima uyoga mmoja mzima uchaguliwe, ukaushwe, uwekwe kwenye hifadhi, ukae pale hata baada ya sisi sote kufa. Ni kama jiwe la mpaka. Watu wakibishana kesho au baada ya miaka mia, wote wanarudi kwenye jiwe lile. Kajuju alikuwa ametafuta miaka mitatu, kutoka Nyambene mpaka Embu, na huu ndio mti pekee alikoukuta uyoga huo. Tasnifu yake inatakiwa mwezi wa Machi, na uyoga huu hutoa mbegu wakati wa mvua za vuli tu.

Muthamia alisikiliza mpaka mwisho. Halafu, bila kuaga, akaondoka akichechemea kuelekea kwa Mithika.

Alimkuta jirani yake ana uso mtamu na vidole vinavyonata. Mithika alikuwa amefungua mizinga asubuhi hiyohiyo. Gunia lilikuwa limebaki na vipande vitatu, navyo alishaviweka juu ya moto vikauke. Muthamia alivichukua vitatu vyote kifuani mwa koti lake la kanisani, akarudi navyo kama mtu anayebeba vifaranga. Daktari alivipokea kwa mikono miwili, akavitazama kwa kioo cha kukuzia, akamwonyesha Kajuju ule mstari mweusi, ukaonekana wazi. Lakini upande wa vitundu ulikuwa umeungua. Alisema vitafaa kwa kuonyesha, ila haviwezi kuwa jiwe la mpaka.

Basi wakakaa kunywa chai, kwa maana chai ya Karambu haikataliwi hata msibani. Daktari akamuuliza Muthamia, kwa adabu tu nadhani, kitu hiki amekiona mara ngapi. Mzee akaanza kusema. Alisema huota kwenye mbaine peke yake, hajakiona kwenye miraa changa hata mara moja. Huanzia pale tawi kubwa lilipowahi kukatwa, kamwe si kwenye gome zima. Hupenda upande wa maji. Mwaka wa kwanza ni kama kucha, wa pili kama sarafu, wa tatu ndipo kinakuwa kiganja, na hapo ndipo chini yake hubadilika njano ikawa ya kutu. Kuna mbawakavu wadogo weusi wanaoishi ndani yake, na kigogota huja kuwatafuta. Aliwahi kukiona kwenye mbaine tano, na nne kati ya hizo zimeshaanguka kwa upepo. Yote hayo aliyajua kwa kuwa ndiye aliyekuwa akivikwangua.

Kajuju alikuwa ameacha chai ikapoa. Alikuwa anaandika mpaka kalamu ikakwaruza karatasi. Daktari Njue alitikisa kichwa, akasema haya angemaliza miaka kumi bila kuyapata, na kwamba sasa anaelewa kwa nini uyoga huu ni adimu: miti yake imebaki michache, na iliyobaki ina watunzaji hodari mno. Antony alicheka, Karambu akacheka, na Muthamia akainamisha kichwa.

"Hapana, mzee, usijilaumu," Daktari akasema. "Ile umetoa ni matunda tu. Mwenyewe ako ndani ya mti, anakula ule moyo umekufa, na mti unaishi na ganda lake. Hujaua kitu. Halafu kama nyinyi hamngetunza hii miti, leo huyu uyoga angeishi wapi? Mimi nakushukuru."

Ni neno hilo la mwisho lililomchoma. Yeye ndiye mtu wa kushukuru. Alizoea kuitoa asante, hakuwa amezoea kuipokea, hasa asante asiyostahili. Kwa sababu wakati wote huo, tangu Kajuju alipokaa kwenye udongo, Muthamia alijua kwamba juu ya vichwa vyao, katika panda ya tatu, umebaki mmoja. Alikuwa ameshafikiria njia zote. Angeweza kungoja waondoke, ampate kijana mmoja wa sokoni apande, aupeleke Nchiru Jumatatu kana kwamba aliuchuma mwenyewe. Lakini je, kijana akiubomoa? Angeweza kunyamaza. Akinyamaza anabaki mchumaji wa mbaine, mwana wa Mbaka, na akisema anakwenda kwenye majani ya migomba. Alimtazama yule msichana akiandika maneno yake kwa haraka, kana kwamba yatakimbia. Waliosema mficha uchi hazai walijua walichokisema.

Akasimama. Hakumgeukia Kajuju wala Daktari, alimgeukia Antony.

"Antony," alisema, "mimi sijafika huko juu tangu Aprili. Goti ilikataa. Nimekuwa nikitumia upembo ukienda shule. Hata jana sikumaliza kazi. Kuna moja imebaki kwa panda ya tatu, kubwa, haijaguswa."

Wote waliinua vichwa. Kwa kweli kutoka chini hakikuonekana kitu ila majani. Antony akamgeukia mzee.

"Kwani ulidhani nitakufukuza?"

"Nilidhani utanipatia majani ya migomba."

Antony alivua viatu, akavua soksi, akakunja suruali mpaka magotini, akajitwika mgongoni kiondo cha mamake chenye kisu na kamba. Mwalimu huyu hakuwa amepanda mti tangu alipokwenda chuo cha ualimu, na nyayo zake zilikuwa laini kama za mtoto mchanga. Muthamia alikwenda akasimama shinani, akaweka kiganja juu ya gome, na akaanza kumpandisha kwa maneno.

Alimwambia aweke mguu wa kulia kwenye kovu la tawi la zamani. Alimwambia upande wa kushoto kuna kifundo kama goti la ng'ombe, asikikanyage, kinateleza wakati wa mvua. Akamwambia ashike tawi kavu pale linapotoka shinani, si kwa ncha. Baada ya panda ya pili Antony alipotelea kwenye majani, hakuna aliyemwona tena, lakini Muthamia aliendelea kumwelekeza vilevile. Alikuwa amefumba macho. Miguu yake mwenyewe ilikuwa inasogea kidogo pale chini, kana kwamba inapanda. Kajuju aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipoanza kulia, wala hakuwa analilia uyoga.

Kisha sauti ikatoka juu: upo. Ni mkubwa, ukingo wake ni wa njano, na chini unaachia vumbi kwenye kidole. Daktari Njue aliruka na unene wake wote. Alimpigia Antony kelele aupige picha kwa simu kwanza, kisha aukate pamoja na gome lake, asiuguse upande wa chini. Antony akaushusha ndani ya kile kiondo, kwa kamba. Aliposhuka mwenyewe nyayo zilikuwa zimechubuka, na alitembea kwa visigino mpaka kwenye kiti.

Waliuweka uyoga juu ya karatasi nyeupe ndani ya nyumba, wakaufunika kwa sufuria, wakala chakula cha mchana, Karambu akaomba sala ndefu kuliko kawaida. Alasiri Kajuju alipoinua sufuria, karatasi ilikuwa na vumbi la njano hafifu, jepesi kama poda ya mtoto, limejipanga kufuata vile vitundu. Wote waliinama kuangalia. Mgeni njoo mwenyeji apone, alisema Karambu hatimaye, na hakuna aliyembishia.

Likabaki jambo la kuandika. Kila uyoga unaowekwa hifadhini hufuatana na karatasi ndogo inayosema umetoka wapi, kwenye mti gani, tarehe gani, na nani aliyeukusanya. Kajuju aliijaza palepale mezani. Alipofika kwenye mkusanyaji aliinua kalamu, akamtazama Muthamia. Mzee akasema haraka kwamba aandikwe Antony, ndiye aliyepanda.

"Andika yeye," Antony akasema, akiwa anapuliza nyayo zake. "Mimi nilikuwa miguu tu."

Kajuju akauliza jina kamili. Muthamia alikohoa. Akasema Muthamia M'Mbaka, na akaomba hilo la pili lisiachwe, kwa sababu mti ule alifundishwa na baba yake. Kajuju aliandika kwa herufi za wazi, akaweka namba mbele yake, namba moja, kwa sababu ndio ulikuwa wa kwanza mzee huyu kuukusanya maishani. Muthamia aliomba kuiona karatasi. Aliishika kwa ncha za vidole, akasoma polepole kama mtu wa darasa la tano, kutoka jina la mti mpaka jina la baba yake. Mbaka hakuwahi kuandikwa popote isipokuwa kwenye kitambulisho chake, na alizikwa nacho mfukoni.

Kajuju aliikabidhi tasnifu yake mwezi wa Machi. Uyoga uko Nchiru ndani ya bahasha, ndani ya sanduku, na jina walilolipendekeza bado linapitiwa na wataalamu wengine, maana wataalamu hawana haraka kuliko uyoga wenyewe. Muthamia haulizi. Ana picha ya ile karatasi kwenye simu ya Karimi, na Karimi huionyesha watu kanisani hata wasipoomba, kisha hulalamika kwamba simu yake imejaa.

Majani ya migomba hakupewa. Antony alimleta mchumaji mwingine, mtu mzima wa miaka thelathini anayeitwa Ireri, na akamwambia kwamba anapanda mbaine kwa macho ya Muthamia. Kila asubuhi ya mavuno mzee hukaa shinani na kikombe cha chai, akimwelekeza kifundo kwa kifundo, na wakati mwingine akimkosoa kwa mambo ambayo hata kuyaona hawezi. Goti bado linauma. Anamshukuru Mungu kwamba ni moja.

Novemba iliyofuata, mvua za vuli zilipoanza, Muthamia aliona kwenye lile kovu la kwanza alilolikwangua alama ya njano ndogo kama ukucha. Alivaa miwani ya Karimi akaitazama tena. Akaiandika tarehe kwenye daftari alilopewa na Kajuju. Wiki hiyohiyo Mithika alipita na gunia lake, akasimama chini ya mbaine, akauliza kama bado haujafika wakati. Muthamia alimshukuru kwa asali ya miaka yote ile, mtungi kwa mtungi, kisha akamwambia atafute moshi kwingine.